Mtembeze Rafiki Mji Wako: Somo la Siku Mbili Kisiwani Mombasa

Wakaazi wengi wa Mombasa hupita mbele ya Fort Jesus kila wiki bila kuingia ndani. Tunapita Ndia Kuu tukikimbilia shughuli zetu na tunavuka feri macho yakiwa kwenye simu. Kisha rafiki kutoka bara anakuja kututembelea wikendi, anauliza, "Hii nyumba ilijengwa lini? Na nani?" Hapo wenyeji tunabaki tukitazamana.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wikendi kama hiyo. Ukilisoma hadi mwisho utaweza:

- kumwongoza rafiki kwa siku mbili bila gharama kubwa;
- kueleza jinsi nyumba za Mji wa Kale zilivyojengwa;
- kueleza kwa nini kisiwa hiki kina bandari mbili;
- kujua wajibu wako katika kulinda majengo ya kihistoria.

Maswali matatu ya kubeba

Si lazima ukariri tarehe nyingi. Kila mnaposimama, jiulizeni maswali haya: Kimejengwa kwa kitu gani? Kimejengwa na nani? Na kwa nini kimejengwa mahali hapa? Ukiweza kuyajibu, basi unaujua mji wako.

Jumamosi asubuhi: Fort Jesus

Anzeni mapema kabla jua halijawa kali. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu ada ya raia wa Kenya si sawa na ya wageni wa kigeni.

Swali la kwanza: ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu ya mwamba wa matumbawe uleule. Ukitazama handaki lililo upande wa bara, utaona kwamba lilichongwa ndani ya mwamba huo.

Swali la pili: amri ilitoka kwa Wareno, na ujenzi ukaanza mwaka 1593. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano kutoka Milan. Lakini Wareno peke yao hawakuinua kuta hizi. Waashi waliletwa kutoka Goa, India, na vibarua walitoka Malindi. Mwambie rafiki yako hivyo, kwa sababu jina la mchoraji hutajwa kila mara na waliobeba mawe husahaulika.

Swali la tatu: simameni juu ya ukuta unaotazama bahari. Hapo mtaona mlango wote wa bandari ya kale. Aliyeshika mahali hapa alidhibiti vyombo vilivyoingia na kutoka, na kwa Wareno kisiwa hiki kilikuwa kituo muhimu katika safari ya India.

Ndiyo maana ngome iligombaniwa. Kuanzia Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Maradhi na njaa viliwamaliza waliokuwa ndani kuliko mapigano yenyewe. Meli ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanna, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimewekwa kwenye jumba la makumbusho mle ndani. Tengeni muda wa kuvitazama.

Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia.

Jumamosi alasiri: Mji wa Kale

Mkitoka ngomeni, ingieni Ndia Kuu kwa miguu. Jina lenyewe ni somo. "Ndia" ni "njia" katika Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya kisiwa hiki. Mgeni aliyesoma Kiswahili sanifu shuleni atafurahi kujua kwamba kibao cha barabara kinazungumza lugha ya wenyeji.

Sasa tazameni nyumba. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene, na huzuia joto la mchana. Vichochoro ni vyembamba, kwa hivyo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Roshani za mbao zilienea hasa katika karne ya 19, wakati wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walipokuwa wengi mjini.

Rafiki yangu, mwalimu wa hisabati kutoka Bungoma, alinifundisha kutazama jambo ambalo nilikuwa nalipita tu. Tulikaribishwa katika nyumba moja ya kale, naye akaanza kupima vyumba kwa hatua. Vilikuwa virefu, lakini upana wake ulikuwa karibu sawa kutoka chumba hadi chumba. Akamuuliza mzee mwenye nyumba, "Mzee, kwa nini hamkuvipanua?" Mzee akacheka, akaonyesha dari kwa kidole. "Mwanangu, ulitaka boriti iwe ndefu kuliko mkoko wenyewe?"

Jibu lilikuwa hapo darini. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti inayoweza kustahimili uzito huo haizidi sana mita 3. Msitu wa mikoko ndio uliopanga upana wa vyumba. Mwenye kutaka nafasi aliongeza urefu wa chumba, au idadi ya vyumba.

Baada ya dari, someni milango. Mingi ina fremu zilizonakshiwa, na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, kuna mhimili uitwao mfaa. Zamani mgeni alianza kumtambua mwenye nyumba mlangoni kabla hajabisha hodi. Nje kuna baraza, kiti cha mawe kilichoungana na ukuta. Hapo mgeni alipokewa, habari zikasikika na mambo yakaamuliwa. Tunapoita mkutano wa afisa wa serikali "baraza", tunatumia jina la kiti hicho.

Endeleeni hadi Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe unaochongoka kwenda juu. Unahesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe ya kisiwa hiki, na husemwa ulijengwa yapata mwaka 1570. Mbele kidogo, karibu na bahari, iko Leven House. Jina lake linatokana na meli ya Kiingereza HMS Leven ya Kapteni Owen, ambaye alitangaza ulinzi wa Uingereza juu ya Mombasa mwaka 1824. Ulinzi huo ulidumu miaka miwili tu.

Kabla maduka hayajafungwa, piteni Biashara Street mkatazame leso. Mwonyeshe rafiki sehemu zake tatu: pindo linalozunguka ukingoni, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Anayemnunulia mama yake leso asome jina kwanza, asije akapeleka nyumbani matusi bila kujua.

Jumapili: bandari mbili

Siku ya pili ni ya kuelewa bahari. Anzeni kwenye Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa. Majahazi yaliyotoka Uarabuni, Uajemi na India yalitia nanga hapa. Yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Wafanyabiashara walisubiri miezi kadhaa upepo ugeuke, na katika kusubiri huko walioa, wakajenga, wakaacha maneno yao katika lugha yetu.

Kisha pandeni tuktuk hadi Mama Ngina Waterfront. Patana na dereva bei kabla ya kuketi. Chini ya mibuyu mtapata madafu, kachiri na viazi karai, na mbele yenu meli kubwa zikielekea Kilindini. Jina hilo nalo linajieleza: kilindi ni maji ya kina kirefu. Meli za mvuke zilipokuja hazikuhitaji tena kungoja upepo, zilihitaji kina. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu 1901, na mizigo ikaongezeka. Biashara kubwa ikahamia upande wa magharibi, na Bandari ya Kale ikabakiwa na vyombo vidogo.

Malizieni kwa feri ya Likoni. Watembea kwa miguu hawalipi nauli. Kwa dakika chache za kuvuka, rafiki yako ataelewa kwa nini mkaazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani hupanga siku yake nzima kulingana na maji. Fuateni maagizo ya maafisa, na msipige picha mahali palipokatazwa.

Adabu za matembezi

- Mji wa Kale ni makaazi ya watu. Vaeni nguo za heshima.
- Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, mlango ulio wazi, au ndani ya msikiti.
- Salimuni wazee walioketi barazani kabla ya kuuliza lolote. "Shikamoo" hufungua mengi.
- Mkihitaji mtembezaji, tumieni mwenye kitambulisho cha kazi, na mpatane malipo mapema.

Kwa nini jambo hili linakuhusu

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda majengo ya aina hii. Hata hivyo, sheria haina macho. Mlango wa nakshi ukiondolewa usiku na kuuzwa, jirani ndiye wa kwanza kujua. Paa likianza kuvuja, chumvi na maji hula chokaa, boriti huoza, na ukuta uliosimama zaidi ya miaka 100 unaweza kuanguka juu ya wapangaji. Nyumba ikishaanguka, linalojengwa mahali pake huwa jengo la simiti, na hakuna tena dari ya kumwonyesha mwalimu wa hisabati.

Ikiwa wewe ni mwenye nyumba katika eneo hili, tafuta idhini kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya mbele. Pata ushauri mapema katika ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa iliyo Mji wa Kale, na katika idara ya kaunti inayoshughulikia mipango ya ardhi na ujenzi. Ikiwa wewe ni jirani na umeona ufa mkubwa au ubomoaji wa ghafla, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi hizo au kwa msimamizi wa wadi yako. Hatari hiyo ni ya maisha ya watu kabla ya kuwa ya historia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba?
2. Taja makundi matatu ya watu walioshiriki ujenzi wa Fort Jesus.
3. Ni nini kilichofanya biashara kuu ya meli ihame kutoka Bandari ya Kale hadi Kilindini?
4. Jina la mtaa unaoishi lina maana gani? Muulize mzee mmoja wiki hii, uandike jibu lake.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yamo katika somo hili. Jibu la swali la nne liko mtaani kwako, na huenda halijaandikwa popote.