Kiluwiluwi Gani Unamuua?

Masika yakija hapa Mikocheni wapo wanaomwaga oili chafu kwenye madimbwi ili kuua viluwiluwi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu: jina moja, viumbe wawili. Kiluwiluwi wa mbu huning'inia juu ya maji akivuta hewa. Wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia, na hupumua kwa matamvua. Huota miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Mkia hunywea, mapafu hukomaa, naye hutoka nchi kavu kula wadudu. Tabibu alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kutia chura kwenye dawa, alimkataza kumuua. Basi tuangalie kwanza. Dimbwi lenye mbu watupu tulifukie. Lenye watoto wa chura tusilitie sumu.