TAKATAKA ZA JIKONI ZISITUPWE

Jaa la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975, na kufikia 2001 lilikuwa limekwisha kujaa. Hata hivyo malori yangali yanamwaga huko. Sehemu kubwa ya taka hizo ni maganda na mabaki ya chakula, yaani mbolea iliyopotea bure.

Mkulima, panga maganda, majani makavu na samadi kwa tabaka kivulini, unyunyizie maji. Chomeka kijiti katikati, kisha kichomoe baada ya dakika chache. Kikiwa na joto na unyevu, ni vyema. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka, geuza lundo. Mbolea itakuwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Mikebe na chupa weka kando uuze. Karatasi za nailoni usitie kabisa: haziozi, na ng'ombe akizila aweza kufa.