Pesa ya Kikundi Isitangulie Rejista: Somo kwa Wanaonunua na Wanaouza Ploti



Katika somo hili tutazungumza juu ya kununua na kuuza ploti na nyumba, hasa upande wa magharibi wa Nairobi: Kawangware, Kangemi, Uthiru, hadi kuvuka mpaka wa Kiambu kule Kinoo na Kikuyu. Vikundi vingi vya vijijini vimeanza kuangalia huko. Mnachanga miaka mitano au sita, halafu siku moja mwenyekiti anasimama na kusema, "Tununue ploti Nairobi, tujenge vyumba vya kukodisha." Wazo si baya. Lakini pesa hiyo ni ya mayai, ya maziwa na ya vibarua, na ikitoka ovyo hairudi.

Wengi wenu mkija jijini mnashukia River Road na mitaa ya karibu. Hapo ndipo mabasi na matatu nyingi za kutoka mashambani hufikia, hapo kuna malazi ya bei nafuu, na hapo ghorofani, juu ya maduka, kuna ofisi ndogo ndogo za watu wa ploti. Meza moja, viti viwili, na ramani ukutani iliyopakwa rangi ya kijani. Baadhi yao ni watu wa haki. Lakini pia mnajua maana ya mtu kusema karatasi fulani ni "ya River Road". Mtaa huo una wapiga chapa hodari, na walio wengi wanatuchapia kadi za harambee na za harusi bila neno lolote. Wachache ndio walioharibu jina la mtaa kwa kuchapa vyeti vya shule, mihuri na hata hati za ardhi. Muhuri, saini, nembo ya serikali, vyote vinaweza kuigwa. Kisichoweza kuigwa mezani kwa broka ni yale yaliyoandikwa katika rejista ya ardhi ya serikali. Kwa hiyo tunawaomba mshike neno moja: pesa ya kikundi isitangulie rejista.

Soko limebadilika, lakini ploti haikimbii

Sikilizeni maneno haya. Mweka hazina akiyasikia atayatambua.

"Mama, kuna mteja mwingine anakuja saa nane na pesa mkononi."

"Lakini wenzangu hawajaiona hiyo ploti."

"Wataiona baadaye. Barabara inakuja, wiki ijayo bei itakuwa ingine. Wewe weka tu laki mbili tukushikie."

Ni kweli kwamba upande huo umebadilika. Barabara ya Western Bypass, kama kilomita 17 kutoka Gitaru hadi Ruaka, ilijengwa kati ya 2019 na 2022. Barabara ya Waiyaki imepanuliwa. Mahali palipokuwa na mahindi na nyasi za ng'ombe leo pana magorofa. Lakini angalieni: barabara "inayokuja" imeshafika. Bei ambayo mwenye ploti anawaambia leo tayari ina barabara ndani yake, na hakuna haja ya kuilipia mara ya pili.

Tena bei inayotajwa si bei inayolipwa. Mikopo ilipanda sana. Kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 Februari 2024, kisha kikaanza kushushwa Agosti mwaka huo. Mkopo ukiwa ghali wanunuzi hupungua, na muuzaji mwenye karo ya kulipa au bili ya hospitali hukubali kushuka. Mkopo ukishuka, wanunuzi hurudi polepole. Hakuna soko linalogeuka kati ya saa sita na saa nane mchana. Kujua bei ya kweli, tumeni wanakikundi wawili waende mtaani wenyewe bila broka. Waulize watu watatu waliouza au kununua karibuni: mlitajiwa ngapi, mkalipa ngapi? Jibu la swali la pili ndilo la kuandika katika daftari.

Mambo ya kufanya kabla ya kulipa

Kwanza chukueni nakala ya hati na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Asiyetaka kutoa nakala, muageni vizuri mwende zenu. Halafu fanyeni ile kazi ambayo watu wanaiita sachi, yaani kuuliza rasmi katika rejista. Msikubali sachi iliyofanywa na broka, hata kama ni ya jana. Fanyeni yenu. Kwa ardhi ya Nairobi, tangu Aprili 2021 serikali imekuwa ikihamishia rejista katika mtambo wa Ardhisasa, ambao mtu hujiandikisha kwa kitambulisho chake na simu. Kijana wenu aliyemaliza kidato cha nne ataweza, na ikishindikana wakili atafanya. Kwa ardhi ya Kinoo au Kikuyu mtauliza Kiambu, si Nairobi. Mchanganyiko huu huwasumbua wengi kwa sababu mtu akisimama Uthiru haoni mpaka.

Sachi itawaambia jina la mwenyewe, ukubwa wa ardhi, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Jina lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Muuzaji akisema hati imepotea, sheria ina njia yake: tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na siku 60 hupita kabla ya hati mpya. Ngojeni siku hizo. Anayewaambia mlipe sasa, hati itafuata, anawauzia maneno.

Baada ya sachi, nendeni kwenye ploti na mpimaji aliyesajiliwa. Mtu anaweza kuwa na hati ya kweli ya ploti namba 12 akawaonyesha ploti namba 40 kwa sababu iko karibu na lami. Mpimaji ndiye atakayewaonyesha bikoni. Mkiwa hapo, salimieni majirani. Ulizeni: ploti hii ni ya nani? Mbona haijajengwa? Je, kuna kesi? Mama anayeuza mboga kando ya njia anajua mambo ambayo hayamo katika mtambo wowote.

Angalieni pia bonde. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na upande huo wa magharibi umejaa vijito na mabonde. Ploti ya chini bondeni huwa rahisi, nanyi mjiulize kwa nini. Agosti 2018 jengo la Ukay Centre pale Westlands lilibomolewa kwa kuwa lilijengwa juu ya njia ya mto. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu wa kando ya mito wahame, na nyumba nyingi za maskini zikabomolewa. Kando ya barabara kuu ni vivyo hivyo. Mkiona alama ya X nyekundu ukutani kwa jirani, msiulize bei.

Na hapa kuna jambo zito ambalo wengi hawataki kulisikia. Hata hati iliyo katika rejista yaweza kuanguka ikiwa mwanzo wake ulikuwa mbaya. Novemba 2011, kule Syokimau, nyumba za watu waliokuwa na karatasi mikononi zilibomolewa kwa sababu ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa hati peke yake kama ardhi ya umma ilitolewa kinyume cha sheria hapo mwanzo. Basi mwambieni wakili afuate historia: ilitoka kwa nani, akampa nani, kwa njia gani. Ploti nyingi za Dagoretti, zile ambazo namba zake huanza kama Dagoretti/Riruta au Dagoretti/Kangemi, zilitoka katika mashamba ya familia yaliyogawanywa na kugawanywa tena. Historia yake husomeka. Lakini ploti tupu katikati ya mji iliyo karibu na shule, soko au zahanati, ulizeni mara mbili. Huenda ni ya watoto wetu wote.

Mkiridhika, sasa ndipo makubaliano yaandikwe. Tangu Juni 2003 sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe kwa maandishi, utiwe saini na pande zote mbili, na saini zishuhudiwe. Kupeana mkono na soda havitoshi. Kwa desturi mnunuzi hutoa asilimia 10, nayo hukaa kwa wakili hadi mambo yakamilike. Haiingii mfukoni kwa broka. Kila upande uwe na wakili wake, na mhakikishe kwa Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu. Broka naye, kama anajiita wakala wa nyumba, sheria inamtaka awe amesajiliwa. Mwulizeni cheti bila kuona haya.

Hesabuni na gharama. Ploti ya shilingi milioni mbili ndani ya mji ina ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 80,000. Nje ya miji ni asilimia 2. Ongezeni wakili na mpimaji. Kikundi kilichochanga milioni mbili kamili hakiwezi kununua ploti ya milioni mbili.

Hati itaandikwa kwa jina la nani? Hapa ndipo vikundi huvunjika, hata bila tapeli yeyote. Ikiandikwa kwa majina ya maofisa watatu tu, machoni pa rejista ardhi ni yao, na mmoja akifariki watoto wake watakuja kudai. Wakili aandike hati ya udhamini inayosema wanashika kwa niaba ya kikundi, au sehemu ya kila mwanachama iandikwe. Majina yote yaingie katika kumbukumbu za mkutano, na kila mtu atie saini.

Na wewe unayeuza

Tumeona wazee wakiuza kwa hofu kuliko kwa hesabu. Mzee wa Kawangware au Kangemi anafuatwa na vijana wenye gari zuri, anaambiwa auze kabla kodi hazijammaliza. Mzee, hakuna anayekufukuza. Waite mama na watoto kwanza. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mume hauzi mali ya ndoa bila ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume. Kama hati bado iko kwa jina la marehemu baba, huna cha kuuza hadi kesi ya urithi iishe na korti ithibitishe warithi. Kuingilia mali ya marehemu ni kosa la jinai.

Usitoe hati ya asili wala kutia saini fomu za kuhamisha kwa ahadi ya hundi. Ziwe kwa wakili wako mpaka pesa zionekane katika benki. Kumbuka pia kodi ya faida: tangu Januari 2023 ni asilimia 15 na inalipwa na muuzaji. Nyumba iliyonunuliwa kwa milioni 1.5 ikauzwa kwa milioni 5 ina faida ya milioni 3.5, na kodi yake ni 525,000 kabla ya kutoa gharama zinazokubaliwa. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza imesamehewa, kwa hiyo tunza bili za maji na stima.

Kwa wanaouza shamba la kijijini ili wapate ploti ya jijini, tuna neno moja. Shamba la kilimo halihami bila idhini ya Bodi ya Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Kawaida bodi huuliza mke na watoto wako wapi. Wengine huona hayo ni usumbufu. Sisi tumeona akina mama waliobaki na nyumba kwa sababu ya swali hilo tu. Na usiuze la kijijini kabla sachi ya jijini haijarudi.

Ya kujadiliana katika mkutano

1. Nani katika kikundi chetu anaweza kutoa pesa benki, na sahihi ngapi zinahitajika? Je, broka akipiga simu leo, mtu mmoja anaweza kutoa laki mbili?

2. Chagueni wawili wa kwenda kuona ploti na wawili wengine wa kwenda kwa wakili. Kwa nini wasiwe wale wale?

3. Kuna mwanachama anayetaka kuuza shamba ajiunge na mpango huu? Mkewe au mumewe anasemaje?

4. Mwenyekiti akifariki kesho, hati ya ploti yetu iko wapi, na ina majina ya nani?