Tetemeko la Ardhi Chuoni: Somo kwa Wanafunzi na Wapangaji

Mwanafunzi anayelipa ada ya chuo au kodi ya hosteli ni mtumiaji wa huduma, na sehemu ya huduma hiyo ni kuweza kutoka salama katika jengo wakati wa dharura. Somo hili tumeliandaa kwa wanafunzi wa Morogoro, wanaoishi chuoni na waliopanga vyumba katika mitaa kama ya Mwembesongo, pamoja na wenye nyumba wao.

Huenda msomaji akauliza: matetemeko na Morogoro, wapi na wapi? Milima ya Uluguru tunayoitazama kila asubuhi iliinuliwa na mipasuko ya ardhi, ingawa ni zamani sana. Tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lililotokea chini ya Bahari ya Hindi liliwatoa wakazi wa Dar es Salaam majumbani usiku. Miaka minne kabla, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu 17 walifariki, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Hiyo ilikuwa Jumamosi alasiri, si usiku wa manane wanafunzi wakiwa wamelala.

Hata hivyo, kinachotutia wasiwasi zaidi ni mbio za watu. Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya shambulio la Garissa, mlipuko wa hitilafu ya umeme katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi wadhani wamevamiwa. Wengi waliruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore, pia cha Nairobi, kilifanya zoezi la kuigiza uvamizi. Wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Watu waliruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kuwa zoezi litangazwe. Siku na saa zijulikane kwa wahadhiri, wanafunzi, wapishi, walinzi na majirani. Wapo wanaodai kwamba kutangaza hulipunguzia zoezi uhalisia, hatukubaliani nao. Zoezi hufanywa ili miguu izoee njia, si kupima ushujaa wa mtu.

Zoezi la tetemeko lina sehemu mbili, na ile ya kwanza ndiyo husahauliwa: kutokimbia. Ardhi inapotikisika, mtu apige magoti, aingie chini ya meza imara, akinge kichwa na shingo, na aishikilie meza hadi mtikisiko ukome. Aliye kitandani abaki hapo, afunike kichwa kwa mto. Aliye nje asiingie ndani, bali akae mbali na kuta na nyaya za umeme. Matofali, vigae na vioo huangukia kandokando ya jengo, mahali pale pale mkimbiaji anapotokea.

Mtikisiko ukikoma, watu watoke kwa kutembea, kwa ngazi wala si kwa lifti, hadi uwanja wa kukusanyikia, ambako majina huitwa. Asiyeitika atafutwe na waokoaji, si na rafiki zake, kwa kuwa mitikisiko mingine huweza kufuata na kuangusha kilicholegea. Wenye ulemavu wapangiwe wasaidizi wanaojulikana kabla ya siku ya zoezi.

Mpangaji wa mtaani hana kengele wala wa kumwita jina. Kwake zoezi huanza kabla ya kulipa kodi. Nondo za dirisha huzuia wezi, lakini chumba chenye nondo kina mlango mmoja tu wa kutokea. Geti likifungwa kwa kufuli usiku, ufunguo hukaa kwa nani? Mtungi wa gesi umewekwa njiani? Ukuta una nyufa za mshazari kutoka pembe za dirisha? Mwenye nyumba akikataa kujibu, tunashauri chumba kingine kitafutwe. Baada ya kuhamia, mabegi yasipangwe juu ya kabati lililo karibu na kitanda, na viatu viwekwe mahali mkono utakapovifikia gizani, maana sakafu huweza kujaa vioo.

Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Chuo, au hata wapangaji wa nyumba chache za jirani, wanaweza kuiandikia barua ofisi ya Jeshi hilo mkoani kuomba mafunzo kabla ya zoezi lao la kwanza.