Somo la Wiki: Nguvu ya Gari Inapita Wapi?



Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa aliniuliza, "Mwalimu, dabal kwa Kiswahili ni nini?" Nikamjibu mbio, "Gari ya magurudumu manne." Akanitazama, akasema, "Kwani ipi ina matatu?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu kasema kweli. Gari ndogo ya baba yake ina magurudumu manne, na ikiingia mchanga wa Bidiya haitoki. Kwa hivyo leo tulisome vizuri. Hatuhesabu magurudumu, tunahesabu yale yanayopata nguvu ya injini. Madereva wa Bara husema fowili. Ukitaka Kiswahili kitupu, sema gari inayovuta kwa magurudumu yote manne.

Tuifuate nguvu hiyo inakopita. Katika pikapu ya kawaida inatoka kwenye injini, inapita klachi na giaboksi, kisha inakwenda nyuma kwa mti mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari. Huo unaitwa propela. Mwisho wake ni difu, lile dude la mviringo lililo baina ya tairi mbili za nyuma. Difu inaigeuza nguvu ielekee kulia na kushoto, na inaziachia tairi zizunguke kwa kasi tofauti gari inapokata kona. Tairi za mbele hazipati kitu, kazi yao ni kuongoza tu.

Katika fowili, nyuma ya giaboksi pana sanduku jengine, mafundi huliita transfa. Hapo nguvu inagawika: nyengine inakwenda nyuma kama kawaida, nyengine inarudi mbele kwa propela ya pili hadi difu ya mbele. Transfa nyingi zina pia gia ndogo, nitaieleza baadaye.

Sasa hadithi. Kaka yangu wa Ibra ana Hilux inayovuta kwa nyuma tu, na tuna jamaa zetu Jabal Akhdar. Nyinyi wa Nizwa mnajua: pale Birkat al-Mauz pana kituo cha polisi, na gari isiyo fowili inarudishwa. Kaka akasema ataibadilisha mwenyewe, uani kwake, katika likizo ya wiki mbili. (Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, na ya fowili ikatoka 1979. Kiwanda kizima kilichukua miaka 11.)

Alidhani kinachokosekana ni difu ya mbele. Akanunua ekseli ya mbele nzima kwa wauza vyuma vya gari kuukuu, akaja nayo amefurahi. Baba yetu, aliyefanya kazi gereji Tabora kabla ya kurudi Oman, alikuwa amekaa kitini anakunywa kahawa. Akamuuliza kwa upole, "Na transfa utaifunga wapi?" Mkia wa giaboksi ya pikapu ile haukutengenezwa kupokea transfa, kwa hivyo giaboksi nayo ibadilishwe. Propela ya nyuma ikatwe iwe fupi, kwa sababu transfa imekula nafasi yake. Springi za mbele zing'olewe, na kwenye chasisi pachomelewe mahali papya pa kufungia ekseli. Gari inyanyuliwe juu, mabomba ya breki yarefushwe. Kila kimoja kinadai chengine.

Kisha baba akamwambia ahesabu. Hapa wanafunzi wa hesabu chukueni kalamu. Nyanyua gari tairi mbili za nyuma zisiguse chini, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, halafu zungusha tairi zote mbili pamoja mara 10. Mwenzako ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Yetu ilizunguka mara 41. Ile ekseli ya kununua, mara 39. Yaani difu ya nyuma ni 4.1, na ya mbele 3.9.

"Tofauti ndogo," akasema kaka. Tupige hesabu. Tukichukua tairi yenye mzingo wa mita 2, itazunguka mara 500 katika kilomita moja. Propela ya nyuma itazunguka 500 × 4.1, sawa na 2,050. Ya mbele 500 × 3.9, sawa na 1,950. Tofauti ni mizunguko 100 kila kilomita, na transfa ya pikapu kama hizi ikishafungwa inazilazimisha propela mbili zizunguke sawasawa! Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo, mambo yakapita. Kwenye lami haziwezi kuteleza, kwa hivyo vyuma hujisokota mpaka kimoja kivunjike. Ndiyo maana difu mbili lazima ziwe na hesabu moja, na ndiyo maana hata fowili ya kiwandani ya aina hii haiendeshwi kwa dabal kwenye lami kavu.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike somo hili. Mtoto wa kaka, miaka 11, alikuwa amelala chini ya pikapu akimpa baba yake spana. Gari imesimama kwa jeki peke yake, na jeki imewekwa juu ya mchanga wa uani. Babu yake akaiona jeki inalala. Akapiga kelele, "Toka uvunguni! Toka uvunguni!" Kaka akatoka. Mtoto akageuza kichwa, akauliza kwa Kiarabu, "Babu anasema nini?"

Neno hilo hakuwa amelisikia. "Chini" analijua, "toka" analijua, lakini lililoingia masikioni mwake lilikuwa lile la mwisho, naye akabaki analifikiria. Nilimvuta kwa miguu. Gari ikashuka, na mtoto akatoka na mchubuko mmoja wa kiwiko. Nimeona hospitali mbavu za watu wazima zilizolaliwa na gari, kwa hivyo usiku ule sikulala.

Uvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitu kilichonyanyuka, kama kitanda, meza au gari. Paka yumo uvunguni mwa kitanda. Andikeni. Na wazazi wenzangu, tafadhali: jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kushikilia. Weka ubao mgumu chini yake kama pana mchanga, weka mawe mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini, kisha ishushe gari juu ya stendi za chuma. Mtoto asiingie uvunguni hata hivyo.

Kaka hakumaliza. Kubadilisha gari namna ile kunataka ruhusa ya polisi, na alipojumlisha gharama aliona bora aiuze pikapu atafute fowili iliyotumika. Ekseli bado ipo uani, kuku wanalala juu yake.

Wengine huuliza kwa nini polisi wa Birkat al-Mauz wanashikilia fowili na hali barabara ya Jabal ni lami. Kupanda siko kunakotisha, ni kushuka. Dereva akikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na zikizidi moto hazishiki. Gia ndogo ya transfa, ambayo katika pikapu nyingi hupunguza mwendo kama mara mbili na nusu, huifanya injini yenyewe izuie gari. Kwa Ramlat al-Sharqiyah jambo ni jengine: kwanza punguza upepo. Tairi ya upepo 35 ikishushwa mpaka 18 hivi hulala, ikakanyaga mchanga kwa upana zaidi, isizame. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla hujakimbiza. Pikapu nyingi za Bidiya zinakwama kwa upepo mwingi, si kwa kukosa difu.

Zoezi la Jumamosi ijayo. Mwende na babu, bibi au ami hadi kwenye gari ya nyumbani, iwe imesimama na funguo mfukoni mwa mtu mzima, muandike majina kumi ya sehemu zake kama wao wanavyoyasema. Mkiletewa jina la Kitabora na jina la Kiunguja kwa kitu kimoja, andikeni yote mawili. Wadogo watunge sentensi tatu zenye "uvunguni". Wakubwa watafute jibu hili: difu ya nyuma ni 4.3 na ya mbele 4.1, mzingo wa tairi ni mita 2. Je, tofauti ya propela kutoka Ibra mpaka kilomita 10 ni mizunguko mingapi?