Mizizi Isikose Pumzi Wakati wa Masika

Masika yamewadia, na mkulima wa Bukoba na Muleba, ambaye kibanja chake kilicho karibu na Ziwa Victoria hupokea mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ambaye mwezi wa Aprili peke yake huweza kumletea zaidi ya milimita 300, haja yake kubwa kwa majuma haya si kupata maji bali kuyapa maji njia ya kuondoka.

Aghalabu husemwa kwamba mmea uliosimama majini hufa kwa kushiba maji. Kauli hiyo si sahihi, na madhara yake si haba, kwa kuwa humfanya mtu atazame jani na kuusahau mzizi. Mzizi hupumua. Katika udongo wenye afya nafasi zilizo baina ya chembe hubeba hewa. Mvua izijazapo zote, oksijeni, ambayo husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko hewani, haiwezi tena kufika kwa kadiri itakiwayo, na akiba iliyosalia humalizwa kwa siku moja au mbili na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya ardhini. Hapo ndipo mgomba uliozungukwa na maji huanza kunyauka kana kwamba umepigwa na kiangazi, maana mzizi uliokosa pumzi hukosa pia nguvu ya kuvuta maji na chakula. Hasara ya pili hufuata kwa siri: vijidudu vilivyokosa oksijeni huitumia naitreti ya udongo na kuigeuza gesi ikaruka angani, na majani ya chini yakawa manjano. Kwetu sisi, ambao udongo wetu una uchachu na umeoshwa na mvua za karne nyingi hata rutuba yake ikategemea samadi na majani yaletwayo kutoka rweya, yaani mbuga za nyasi, hasara hiyo ni nzito mno.

Kwa sababu hiyo nawasihi wakulima wenzangu wasikimbilie kutia mbolea ya chumvichumvi wala samadi mbichi mahali palipotuama maji. Mbolea ya kwanza itapotea, na samadi itaoza kwa kutumia ile oksijeni kidogo iliyobaki, ikaongeza taabu badala ya kuiondoa. Subirini maji yaondoke na udongo upate hewa, kisha tieni mbolea kidogo kidogo. Kadhalika msiingie kulima wala kupalilia katika tope, kwani nyayo hushindilia udongo na kuziba zile nafasi za hewa tunazozihangaikia.

Mimea haikuumbwa na subira moja. Maharage tunayopanda chini ya migomba ni dhaifu kabisa: siku mbili za maji yaliyotuama zatosha kuyapunguzia mavuno, na maradhi ya kuoza mizizi hupata humo fursa yake. Mahindi machanga, ambayo kiini chake cha kukua hukaa chini ya udongo mpaka yapatapo majani kama sita, huweza kuvumilia siku mbili hadi nne, na jua kali huzipunguza siku hizo. Mgomba una mizizi mingi iliyo karibu na uso wa ardhi, basi huumia upesi. Muhogo na viazi vitamu huoza. Magimbi, mpunga na mafunjo ya mabondeni hustawi.

Siri ya mpunga yastahili kuelezwa. Ndani ya mizizi yake mna mifereji ya hewa itokayo majanini hadi ncha za mizizi, mfano wa mrija utumiwao kunywea rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kibuyuni, na ukuta wa mzizi huizuia hewa hiyo isivuje njiani. Hata mahindi hujaribu kujitengenezea mifereji hiyo, gesi ya ethilini inapokwama mizizini na kuamrisha baadhi ya chembe hai za mzizi zife ziache nafasi, lakini huchelewa. Ikiwa mpunga wenyewe utafunikwa wote na maji, aina nyingi hujirefusha hata zikamaliza nguvu zake. Walakini ipo aina ya kale ya India, FR13A, ambayo hutulia na kuweka akiba, na mwaka 2006 wataalamu waliitambua jeni yake, Sub1A, ambayo leo hutiwa katika mbegu zinazostahimili kuzama kwa muda wa majuma mawili hivi.

Kabla ya kuyalaumu maji, hakikisheni kwamba si maradhi. Mgomba uliokosa pumzi una mizizi myeusi, laini, yenye harufu mbaya. Ule uliopatwa na mnyauko wa bakteria, maradhi yaliyoingia mkoani kwetu mwaka 2006, hutoa utomvu wa manjano shina likikatwa, na ndizi zake huiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na rangi ya kahawia. Huo wa pili hautibiwi kwa mtaro. Panga lililoukata lisafishwe kwa moto au dawa ya madoa kabla halijagusa mgomba mwingine.

Sasa kazi yenyewe. Chimbeni shimo la kina cha dhiraa moja na mlitazame siku moja baada ya mvua: maji yakisimama karibu na uso, au udongo ukiwa na rangi ya kijivu yenye mabaka ya kutu, mahali hapo pahitaji mtaro au zao jingine. Mitaro ya mteremkoni ichimbwe kwa kufuata usawa wa mlima, ielekezwe penye nyasi, wala isimwagie jirani maji yake. Maharage na viazi vipandwe juu ya matuta. Matandazo yabaki kibanjani, ila pale penye tope yasogezwe mbali na shina mpaka pakauke.

Nao waliolima karibu na ziwa wakumbuke mwaka 2020, maji yalipopanda kimo ambacho hayakukifikia tangu 1964, yakaingia mashambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito ziachwe bila shughuli za kudumu au ziwezazo kuuharibu. Migomba iliyopandwa ndani ya mpaka huo ihamishiwe juu mapema, wakati machipukizi yake yangali mazima.