Uza Snea, Pedi Ibaki

Mdogo wangu wa Tabata,

Unasema ngoma yako ya snea uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza iko chini ya kitanda tangu mtoto azaliwe, kwenye chumba cha kupanga ambacho ukuta wako na wa jirani ni mmoja. Kijana wa kwaya anaitaka. Umeshapanga kumuuzia fungu zima: snea, stendi, pedi ya mazoezi, stiki zote na metronomu. Lakini usingizi hauji, kwa sababu unahisi unaiuza huduma yako, na unaogopa wanakwaya watasema umerudi nyuma.

La wanakwaya ni jepesi. Mama wa mtoto mchanga asipoonekana kwenye drams, kila mtu anajua yuko wapi. Anayetaka kusema atasema hata ukiiweka snea sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma.

La huduma ndilo zito, na hapo nakukatalia. Roli na paradido zako ulizinolea wapi? Kwenye pedi, kama wapigaji wengi. Zile rudimenti 40, yaani mapigo ya msingi, ambazo Percussive Arts Society ya Marekani ilizipanga mwaka 1984 zote zinapigika juu ya kipande cha mpira, mtoto akiwa amelala chumba hichohicho. Kwa hiyo snea iende, stendi iende, metronomu nayo iende kwa kuwa simu yako inaweza kazi hiyo ya kuhesabu mapigo. Pedi usiiuze, na jozi moja ya stiki ibaki. Pedi iliyotumika haiongezi kitu cha maana kwenye bei, ila kwako ndiyo itakayoilinda mikono mpaka mtakapohamia nyumba yenye nafasi. Kijana kwa kuanzia anaweza kubandika mpira laini juu ya ubao.

Sasa bei. Unataka irudi hela yote uliyotoa, “maana bado nzima kabisa”. Mdogo wangu, hapana. Mtume mtu Kariakoo aulize snea mpya ya aina hiyo na ukubwa huo ni shilingi ngapi. Mimi ningeanzia nusu ya hapo, nipande kidogo ikiwa haina kutu. Na ile ngozi ya juu iliyobonyea, ambayo unauliza kama uinyamazie, mwonyeshe. Siku hizi ngozi hizi ni za plastiki, zinatengenezwa ziishe na kubadilishwa, na ya inchi 14 kama yako ndiyo saizi iliyozoeleka. Atakusamehe ngozi, kufichwa hatakusamehe.

Mwite mchana, jirani akiwa kazini. Iweke snea kwenye stendi, shusha kishikio cha pembeni ili waya za chini ziachie, upige katikati: utasikia ngoma tupu, bila mtetemo. Kisha pandisha kishikio na upige polepole pembeni kabisa, karibu na ringi. Waya zikijibu hata kwa pigo dogo namna hiyo, unauza kitu kizima na huna haja ya kuomba radhi kwa bei yako. Ukikuta uzi mmoja wa waya umening'inia, ukate kwa koleo, usiuvute, maana utapinda wenzake. Bolti zote zungusha kwa ufunguo mbele yake. Iliyokaza itie tone la mafuta ya cherehani siku moja kabla. Ufunguo wenyewe usiusahau kwenye droo.

Umeandika pia kwamba unaona haya kumdai mtoto wa kanisani. Basi amua kimoja. Ukimuuzia, taja bei bila kuzungukazunguka, mpe nafasi alipe kwa awamu mbili, na muandikiane. Ukimpunguzia, punguza na usahau, usije ukalihesabu punguzo hilo kila Jumapili anapokosea mdundo.

Kuna mtu mmoja sijamwona kwenye barua yako yote: mumeo. Umetaja jirani, kwaya, kijana, hata mwenye nyumba. Mtu anayelala juu ya snea hiyo kila usiku huenda ana neno juu yake; pengine anaipenda kuliko unavyodhani, au pengine ameshajua mahali pa kuihifadhi. Muulize kabla kijana hajaja na hela.